Kumpiga mamba ziwani: risasi inayokosa huenda wapi?

Mamba akizoea mwalo wanapochota maji watu, kilio cha kwanza ni askari wa wanyamapori waje na bunduki. Kilio hicho ni cha haki, maana kesho alfajiri ndoo zitashuka tena majini. Tatizo ni hoja inayofuatia: kwamba ziwani ni salama kupiga kwa kuwa maji humeza risasi.

Maji humeza risasi iliyoingia. Ya bunduki yenye kasi kubwa huvunjika au kuishiwa nguvu ndani ya mita moja hivi. Ile inayokuja kwa ulalo hudunda, kama kijiwe bapa wanachorusha watoto. Kwa kitu cha mviringo ipo kanuni ya pembe ya kudunda, ikipimwa kutoka usawa wa maji: gawanya nyuzi 18 kwa kipeuo cha pili cha uzito wake ukilinganishwa na maji. Madini ya risasi yana uzito mara 11.3 ya maji, hivyo mpaka ni nyuzi 5.4; chini ya hapo inadunda. Risasi iliyochongoka haifuati hesabu hii sawasawa, ndiyo maana ni busara kudai nyuzi 10 na zaidi.

Sasa pima. Ukisimama ufukweni, mtutu uko mita 1.5 juu ya maji. Mamba akiwa mita 15, pembe ni nyuzi 5.7, akiwa mita 30, ni 2.9 tu. Ndani ya mtumbwi hali ni mbaya zaidi: mpigaji ameketi, na wimbi linamyumbisha. Risasi iliyodunda mara nyingi huinuka kwa pembe kubwa kuliko iliyoingilia, hubiringika hewani, huacha mstari wake, na yaweza kupita kilomita moja. Huko mbele kuna taa za wavuvi wa dagaa.

Wanaotetea bunduki wana hoja moja nzito: miamba ya Mwanza. Mtutu ukiwa mita 6 juu ya maji na mamba mita 30, pembe inafika nyuzi 11. Hapo nakubali, kwa sharti kwamba umbali usizidi mara 5 ya kimo cha mtutu, mitumbwi yote iwe imeondolewa, na nyuma ya shabaha pawe na kilima cha udongo. Jabali halifai, nalo hudundisha.

Kwenye fukwe tambarare, sharti hilo la umbali lingemweka mpigaji mita 7.5 kutoka kwa mamba. Huko kinachofaa ni mtego wa kizimba wenye chambo cha nyama. Huenda ukachukua siku kadhaa, na siku hizo pa kuchotea pazungushiwe nguzo zilizobanana, hadi chini kabisa majini.