Njiwa wa Tatu Hakurudi

Mwenge wa Uhuru ukikaribia, Mbeya nzima inanuka rangi. Kingo za barabara zinapigwa chokaa, mawe yanapangwa mstari, na kila ukuta uliokuwa na onyo la "usikojoe hapa" unapewa njiwa. Mweupe, mabawa wazi, kijani mdomoni. Chini yake neno AMANI, herufi zimeanza kwa madaha na kuishia zimebanana kama abiria wa Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu fundi hakupima. Anzia Uyole mpaka Mbalizi, utawahesabu uchoke. Panda basi la Iringa, utawakuta ndugu zao. Jamani, imetosha.

Sina ugomvi na ndege. Ugomvi wangu ni uvivu. Mchoro wa mtaani hauna mtu wa kukusimulia wala kibao cha maelezo pembeni. Una sekunde tatu au nne, bodaboda imeshapita. Mama anayeshusha ndizi za Rungwe sokoni anamjua tetere: wa kijivu, mwizi wa ulezi. Huyu mweupe ni wa kadi za harusi. Na lile tawi? Mzeituni tunaujua kwa kusomewa, basi kila mchoraji anamwiga aliyemtangulia, mpaka jani limeshakuwa chai, wengine mlonge, na kuna mahali limefanana na mswaki.

Hata wanaojitetea kwa Biblia hawakuimaliza sura. Mwanzo 8: Nuhu anatoa kunguru kwanza, anakwenda na kurudi tu. Kisha njiwa. Safari ya kwanza anarudi hana kitu, hakuona pa kutua. Safari ya pili, baada ya siku 7, anarudi jioni na jani bichi la mzeituni. Siku 7 nyingine, anatolewa mara ya tatu. Hakurudi. Ndipo mzee akaondoa kifuniko cha safina.

Kuta zetu zote zimechora safari ya pili. Ni habari njema, sikatai, ila njiwa yule bado analala ndani, pamoja na nguruwe na nyoka, na ufunguo anao mwingine. Safari ya tatu ndiyo uhuru, na haichorwi kwa sababu inadai kuchora ndege asiyekuwepo. Mbona si kazi? Dirisha wazi, unyoya mmoja kwenye kizingiti, mwanga upande wa pili. Kinachotakiwa ni kulichora kwa macho ya aliye ndani: kingo za ukuta ziwe nyeusi au kahawia iliyoiva, weupe uwe katikati tu, ili mpita njia ajikute yeye ndiye aliye safinani anatazama nje. Ukilichora kwa macho ya aliye nje, utapata duka lililofungwa.

Nchi hii tumezoea kutamka "amani na utulivu" kwa pumzi moja, na mara nyingi utulivu maana yake ni kunyamaza. Njiwa mwenye jani mdomoni hawezi kusema kitu. Nahisi ndiyo sababu anapendwa sana na wanaolipia rangi.

Tuje kwenye rangi yenyewe, maana hata wazo zuri linafia hapo. Njiwa maarufu wa mchoraji Picasso, yule wa bango la mkutano wa amani wa Paris mwaka 1949, hakuwa anaruka wala hakuwa na tawi. Alikuwa njiwa wa kufugwa, amesimama, miguu ina manyoya, na nyuma yake giza. Giza ndilo lililomfanya awe mweupe. Sisi tunampaka mweupe juu ya bluu ya maji ya kufulia, halafu tunashangaa haonekani. Kiangazi, vumbi jekundu linamkalia. Mvua zikianza, tope linamrukia. Mwaka haujaisha, amani yetu imekuwa kuku wa kienyeji aliyetoka kujigaragaza.

Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5 ni mita za mraba 10. Kwenye lipu ya kukwaruza, lita moja ya rangi ya maji inakwenda mita za mraba 7 au 8 kwa tabaka moja. Tabaka moja la praima na mawili ya rangi ya msingi, hiyo ni kama lita 4, kabla hujagusa mchoro wenyewe. Kinachofanyika ni kununua lita 2 na kuongeza maji mpaka rangi inakuwa uji wa mgonjwa. Gundi iliyomo inapungua nguvu, na baada ya miezi michache ukipitisha kiganja ukutani kinatoka na unga. Lipu mpya iache siku 28. Saruji mbichi inakula rangi, hasa nyekundu na bluu za bei rahisi. Ukiona chumvi nyeupe imetoka ukutani, isugue kwa brashi ya waya ikiwa kavu. Ukiimwagia maji, unairudisha ndani, itatoka tena ikiwa imebeba mchoro wako.

Na sentimita 60 za chini usichore kitu cha maana. Kuta zetu nyingi ni matofali ya kuchoma, nyingine hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, unyevu unapanda kutoka ardhini huku paa lisilo na mifereji likirusha tope. Shule za zamani zilijua, ndiyo maana zina ule mkanda wa rangi ya udongo chini. Wachoraji wa siku hizi wanauona ni ushamba, wanashusha miguu ya mashujaa mpaka chini. Masika moja, mashujaa hawana miguu.

Kwa wanaopaka Juni na Julai: msianze kabla ya saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri weka brashi chini. Baridi ya huku inazuia rangi ya maji kushikana, umande unaikuta bado mbichi, na asubuhi unakuta mchoro umelia machozi.

Mnyororo uliokatika nao una kesi. Nusu ya minyororo ya uhuru huku ni mikufu. Pete za mnyororo zinapokezana, moja imelala bapa, inayofuata imesimama ubavu na unaiona kama kijiti kinene. Ukizichora zote bapa, mtu amevunja cheni ya shingoni. Na pete ya chuma ikivutwa kwa nguvu haipasuki kama biskuti. Inajikunja kwanza, inafunguka mdomo. Chora huo mdomo uliofunguka, ndimo nguvu ya mikono inamoonekana.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni hiki. Jiji hili linapitiwa na alama ya uhuru yenye urefu wa kilomita 1,860, na hakuna anayeichora. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru wake mwezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ilibaki mateka, kwa kuwa njia zake za kwenda baharini zilipita kwa walewale waliokuwa wakiwakandamiza Waafrika. Ndipo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikajengwa, kuanzia 1970 hadi 1975, kwa msaada wa China, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikapasua milima kati ya Mlimba na Makambako. Wakaiita Reli ya Uhuru, na jina halikuwa pambo. Huu ni uhuru wa kumfungulia jirani mlango. Stesheni ipo Iyunga pale. Mtoto wa Mbeya anauelewa mstari wa reli kabla hajajua kusoma.

Wachache wanaojaribu kuichora wanachora treni ya moshi, bomba refu na mawingu meusi. TAZARA imetumia injini za dizeli tangu ilipoanza! Mataruma, yale yanayolala chini ya reli kuibeba, wanayapaka kahawia kama mbao, wakati sehemu kubwa ya njia ile imelazwa juu ya mataruma ya zege. Paka kijivu. Reli mbili zikutane mbali kwenye nukta moja, na nukta hiyo uiweke usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama, kama mita 1.5 kutoka chini, si juu kabisa ya ukuta. Ukiipandisha, reli inapaa kama ngazi ya fundi umeme. Piga uzi uliopakwa chaki kutoka kwenye nukta hiyo kuja chini kila upande, ndipo ushike brashi. Na ukitaka ukuta useme kitu, njiwa mwache nyumbani. Mchore mtoto amepiga magoti pembeni ya njia, sikio limelazwa kwenye chuma.

Iringa nao wana Mkwawa, na Mkwawa wa ukutani daima ana mkuki. Sawa, Lugalo ilipiganwa, 17 Agosti 1891, na Zelewski, kamanda wa Wajerumani, hakurudi. Ila mkuki ni nusu ya habari. Mkwawa alijiua Julai 1898 asishikwe hai. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe ndani ya miezi 6, na kikafika Kalenga mwaka 1954. Miaka 56 mtu anasubiri kichwa chake. Ningependa kuona ukuta wa kigoda kitupu na kivuli cha mtu kimekikalia. Fuvu lenyewe msichore, watoto wanapita.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba njiwa anaweza kufanya kazi. Kule Bethlehemu, Banksy, mchoraji wa kuta wa Uingereza, alimvika fulana ya kuzuia risasi, akamwekea alama nyekundu ya shabaha kifuani, tawi mdomoni kama kawaida. Ule mji umebanwa na ukuta na wanajeshi, mtu wa pale haulizi fulana ni ya nini. Njiwa yuleyule ukimleta mtaa wetu wa Soweto hapa Mbeya, watu watadhani ni mlinzi wa benki.

Bendera pia, neno moja: mkanda mweusi unapanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti, una kingo za njano, kijani juu, bluu chini. Kuna kuta zimeigeuza.

Kama ni amani hasa mnayotaka, kuna utani. Wahehe na Wangoni walichinjana, vita vya kuanzia 1878, na wajukuu wao leo ni watani. Mtani wako akifiwa, unakwenda msibani, unajilaza kwenye mchanga wa kaburi, unadai hela ndipo jeneza lishuke, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Hiyo ni amani ya watu waliowahi kuuana kweli. Mchore huyo mtani, mkono nje, amekaa ukingoni mwa shimo, na wenye koleo wamesimama wanamtazama. Mpita njia wa Njombe au Makambako hatahitaji neno lolote chini yake.

Ila najua mtaandika tu. Basi pimeni. AMANI ina herufi 5, lakini M inakula nafasi ya herufi moja na nusu na I inakula nusu, kwa hiyo msigawe ukuta mara tano sawa. Andikeni kwanza kwa chaki, rudini nyuma mita 10 muangalie, futeni, rudieni. UHURU nayo ina 5, zinakaribiana upana zote. Hiyo haina kisingizio.