Sikubatizwa, Nilitumbukia

Mlioshatumiwa ile sauti ya yule jamaa kwenye magrupu, ifuteni. Niliyekuwemo shimoni ni mimi, basi nisikilizeni mimi.

Tuko Mbweni, Unguja, lile kanisa la zamani la kijiji cha watumwa walioachiwa huru. Ukuta wa matumbawe. Miaka ya nyuma mtu kauziba kwa simenti, na simenti haipumui: unyevu na chumvi vimekwama ndani, lipu ikibanduka inaondoka na ngozi ya jiwe. Ndo tunarudisha chokaa. (Ndiyo, mafundi wengi Waislamu. Fundi anapewa ukuta, haulizwi dini.) Chokaa ikishazimwa kwa maji inalazwa shimoni miezi, imefunikwa maji, mpaka iwe laini kama mtindi. Hilo shimo lishikeni.

Wakaja wageni. Dada mmoja akauliza kwa nini tusipige simenti tu, yaishe. Swali langu hilo! Nikatua karai, nikaanza kumwaga elimu, mikono hewani. Nikarudi nyuma kidogo nimwoneshe ukuta vizuri. Nikarudi tena. Fundi mkuu akaniita kwa sauti, mie nikajua nasifiwa. Kisigino kikatafuta ardhi, hakikuiona. Dada akafumbua mdomo. Mie bado naeleza, wallahi, nimefika kwenye neno "unyevu". Chubwi! Na wala sikuzama kwa kishindo kikaisha. Nilishuka polepole, magoti, mapaja, kiuno, macho yangu yako kwa dada, yake yako kwangu. Kandambili moja ikaibuka, ikaelea.

Fundi mkuu akaja mbio. Nikamnyooshea mkono. Hakuushika. "Usijitikise! Umeingia na mchanga miguuni?"

Mwenzenu nimeanza kuwashwa pasiposemeka, mzee analilia chokaa yake.

Basi wakanivuta, ndoo za maji juu yangu mfululizo, maana chokaa inakula ngozi, suruali ikaenda, nikafungwa khanga ya mama anayetupikia. Dada alikuwa anapiga picha ukuta. Naomba Mungu ulikuwa ukuta.

Sasa yule jamaa katangaza mtaa mzima kwamba nimezama kanisani, mbele ya mashahidi, nikamwagiwa maji, nikatoka mweupe pepepe. Hakuna neno hata moja la uongo, ndiyo kinachoniuma.

Bi mkubwa kapiga simu jana usiku. Salamu hakuna, pole hakuna.

"Wamekupa jina gani?"