Saa kumi na mbili ya wapi hii?

Nyie wa Dar mkisema "saa kumi na mbili asubuhi" kweli kumeshapambazuka. Huku Kigoma giza totoro, hata jogoo anasitasita! Saa ni ileile nchi nzima, ila jua linapita kwenu kwanza. Kwetu hutokeza karibu saa moja. Burundi, hapo pua na mdomo, wako nyuma yetu saa nzima. Wenzetu wanaamka na jua.

Sasa juzi mwenye boti pale Kibirizi ananiambia, "Mzee, njoo kukikucha." Kukikucha kwa saa au kwa macho? Nikafika kumi na mbili kamili. Mimi, mchanga na mbu. Yeye kaja saa moja na robo, mswaki mdomoni: "Shikamoo, mbona umewahi?"

Labda mwaka 2050 simu zitauliza kwanza: asubuhi ya nani?