Mahindi mabovu si chakula cha ng'ombe

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili kwenye mafunzo ya vijana wanaoanza kilimo na ufugaji, hapa hapa kwetu Mufindi, mkoani Iringa. Siku ya kwanza asubuhi tulisoma mahindi, mchana lishe ya mtoto, na siku ya pili afya ya mifugo. Mengi yalikuwa mazuri na daftari langu limejaa. Lakini kuna neno moja limenikaa rohoni mpaka leo. Mwezeshaji wa mifugo alisema, tena kwa nia njema kabisa: "Mahindi yaliyooza msiyatupe, wapeni mifugo."

Vijana wakaandika.

Nilinyoosha mkono. Akanijibu kwamba wazee wetu walifanya hivyo miaka yote na ng'ombe hawakufa. Ukumbi ukakubaliana naye, saa ya chakula ikawa imefika, tukainuka. Basi niliyotaka kuyasema pale nayasema hapa.

Kila nyumba huku inaijua kazi ya kuchambua. Mufindi yetu ni ya ukungu na manyunyu, hata Juni hindi linasubiri jua shambani huku maganda yamelowa. Likishaletwa nyumbani, mama anakaa kwenye turubai anamenya na kugawa. Zuri linakwenda darini au kwenye gunia la kuuza. La wastani linabaki la kula. Lile ambalo punje zake zimegeuka pinki, au zimefunikwa utando mweupe kama pamba, au zina vumbi la kijani katikati ya mistari, linarushwa pembeni na neno moja tu: "La kuku." Mimi mwenyewe nimelirusha hivyo tangu nikiwa na miaka saba, na nilipoanza kufuga nikaendelea. Hakuna aliyewahi kuniuliza huyo kuku naye anakwenda wapi.

Anakwenda mezani. Yai lake anapewa mtoto, maana zahanati wametuambia mtoto apate yai. Maziwa ya ng'ombe aliyelishwa pumba ya mabovu yale yale yanatiwa kwenye uji wa huyo huyo mtoto. Tunayakataa mahindi kwa mkono wa kulia na kuyapokea kwa mkono wa kushoto.

Mahindi yaliyoota kuvu yanaweza kuwa na sumu inayotengenezwa na kuvu hilo, yaani sumukuvu, na cha kuumiza ni kwamba mifugo ndiyo iliyotufundisha kwamba sumu hii ipo. Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na kwa kutojua kinachowaua watu wakauita ugonjwa X. Walipofuatilia wakaikuta sababu kwenye chakula: mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, yameota kuvu. Aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, ikajulikana kuanzia hapo. Elimu ya aflatoksini imeanzia kwenye hori la kulishia, halafu leo mkufunzi anasimama mbele ya vijana thelathini na kulitaja hori hilo kama mahali pa kutupia uozo.

Ng'ombe mkubwa anavumilia, hilo nalikubali. Tumbo lake lina uwezo ambao kuku na nguruwe hawana, na ndiyo maana wazee hawakuona mizoga. Lakini kutokufa si kutokudhurika. Akila aflatoksini, ini lake linaibadili na sehemu yake inatokea kwenye maziwa ndani ya siku moja. Ukiacha kumlisha, yanasafika baada ya siku tatu au nne hivi. Katikati hapo unachemsha, na unafanya vizuri kuchemsha, maana unaua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu. Sumu hii moto wa jikoni haiiwezi. Itapita kwenye sufuria ya maziwa kama inavyopita kwenye sufuria ya ugali. Ndama ndiye anayeumia wazi zaidi: anadumaa, manyoya yanasimama, unampa dawa ya minyoo mara mbili na hashiki mwili.

Kwa kuku hasara inajificha vizuri zaidi. Sumukuvu hushusha kinga ya mwili. Unachanja kideri, tone kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu kama ulivyoelekezwa, kisha ugonjwa unapita na kundi linapungua. Tunamlaumu aliyechanja, tunasema chanjo imekaa juani. Inawezekana. Lakini mwaka juzi nilipasua tetea wangu mmoja aliyekufa bila kuugua sana, nikakuta ini limepauka, rangi ya udongo wa njano, linavunjika mkononi kama kiazi kilichoiva. Sina maabara na sitadai nilijua kilichomuua. Ninachojua ni kwamba kwenye chombo chao cha chakula kulikuwa na punje za kijani nilizoziweka mimi.

Wafuga nguruwe nanyi, mnaijua ile hali ya jike mdogo kuvimba uke kama anayetaka dume kabla ya wakati wake. Kabla ya kumwita mtu wa sindano, angalieni kwanza mahindi mnayompa.

Sasa nirudi kwa mtoto, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano kitaifa ni asilimia 30. Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Ni mikoa inayolisha nchi hii! Malori ya mahindi yanateremka mlima Kitonga usiku na mchana, na nyuma yake tunabaki na watoto ambao karibu nusu yao au zaidi ni wafupi kuliko umri wao. Sitasema kuvu ndiyo sababu, maana najua kuna uji wa mahindi matupu, kuna mama anayeshinda shambani hadi jioni, kuna maji na kuhara. Lakini tafiti zilizofanywa humu humu nchini zimeihusisha fumonisini, sumu ya kuvu linalopenda mahindi, na watoto kukua pungufu. Na mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Sisi huku kwenye baridi tulisikia redioni kama jambo la watu wa mbali.

Lipo jingine, nalikiri kwa shingo upande. Miaka yote nimepigania dona. Nimegombana na ndugu zangu kwa ajili ya dona. Lakini sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo dona la mahindi mabaya linakuzidishia sumu kuliko sembe. Bado nasema dona, ila dona la mahindi yaliyokaushwa na kuchambuliwa. Na wanaokoboa wajue kwamba ile sumu haikupotea mashineni. Imo kwenye pumba, na pumba anakula ng'ombe.

Kwa hiyo mimi ningependa somo la kwanza kabisa la kijana anayeanza lifanyikie kwenye turubai la kuchambulia. Hapo bwana shamba, mtu wa lishe na mtu wa mifugo wakae pamoja mbele ya fungu moja la mahindi, kwa sababu pale mafunzoni kila mmoja alifundisha saa yake akaondoka, na sumu ikapita katikati yao. Mtu wa shamba aonyeshe namna ya kuvuna kwa wakati, na kuanika juu ya turubai badala ya udongo. Mtu wa lishe aseme kipi kisifike kwenye uji. Mtu wa mifugo aseme, kwa sauti ile ile, kwamba hicho hicho kisifike kwenye hori. Bei ya mbolea na usafiri wa pembejeo tutavizungumza siku nyingine.

Najua kutupa kunauma. Jumamosi nilikwenda kwa shangazi yangu kijijini. "Kamwene, shangazi," na kabla sijakaa nikaona fungu la mabovu limelundikwa karibu na banda. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, jasho langu lote hili niende kulifukia?" Sikuwa na jibu tamu. Nilimwambia ndiyo, shangazi.

Kwanza nilimwonyesha chupa. Unachukua chupa safi ya plastiki iliyokauka, unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza chumvi kavu vijiko viwili, unafunga na kutikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, usiyatie kwenye gunia. Ikishuka yote chini, yanaelekea kuwa salama kuhifadhi. Kwa baridi ya kwetu chumvi yenyewe huwa imeloa, tukaikaanga kwanza kwenye kikaango hadi ikaanza kurukaruka. Tukajaribu mahindi ya darini, yale mazuri, aliyokuwa ameyatenga ya kuuza. Chumvi ikaganda pande zote, nyeupe. Shangazi akaigeuza chupa mara tatu bila kusema neno, kisha akamtuma mjukuu alete turubai.

Mabovu tuliyafukia nyuma ya migomba, shimo la kufika magotini, tukaweka mawe juu kwa sababu jogoo alikuwa ameshafika. Debe moja na nusu. Nilipoaga, shangazi aliomba nimwachie ile chupa. Jirani yake anaanika kesho.