Nilisimama Kwenye Nyekundu, Wakanisukuma

Odio ya gari yangu kusukumwa kwenye taa nyekundu mmeshaisikiliza, msijifanye. Tangu jana usiku imepita kundi la familia, ikapita kundi la kwaya, ikaingia kundi la wazazi wa shule, na asubuhi hii mama anayeuza vitumbula pale kwenye kona amenirudishia chenji huku amebana midomo. "Papa Code, leo gari inatembea?" Basi naandika. Rafiki yangu aliyeirekodi ana kipaji cha kusimulia, simnyimi haki yake, lakini anasema nilikuwa nimelewa, anasema waliosukuma walikuwa watu ishirini, na anasema Mama mkwe alilia. Mama hakulia hata kidogo. Mama alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. Laiti angelia.

Kwa wale waliojiunga jana usiku ili waje kucheka: Papa Code ni mimi. Mimi ndiye ninayewasumbua hapa kwamba nchi yetu ya Kongo ina sheria yake ya barabara, ile code de la route, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ingawa ukisimama kidogo kwenye makutano yoyote ya Lubumbashi saa kumi na moja jioni utadhani waliizika pamoja na jina la Zaire. Mimi ndiye niliyeandika kuhusu madereva wanaowasha zile taa nne za hatari ili kutujulisha kwamba wanakwenda moja kwa moja, yaani wanatangaza kwamba hawageuki popote. Na mimi ndiye niliyewasifu wale roboti wa Kinshasa wanaoongoza magari, wa aluminiamu, waliobuniwa na injinia Thérèse Kirongozi na kusimamishwa barabarani mwaka 2013. Nilisema mbele yenu wote kwamba roboti ana sifa moja inayozidi zote: hana mfuko. Sentensi hiyo iwekeni pembeni, tutaihitaji.

Sasa mtu wa namna hiyo akikuta taa nyekundu, mlitaka afanye nini? Apite, halafu Jumatatu aje kuwaandikia nini?

Gari yangu mnaijua, ile Toyota Ist ya rangi ambayo aliyeniuzia aliiita dhahabu. Ilitoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, na usukani wake uko kulia. Zambia wanapita kushoto, sisi tunapita kulia, kwa hiyo usukani huo una akili mpaka mpakani tu. Ukishavuka, shofere anakaa upande wa mtaro, na anayeiona barabara ni abiria. Ukitaka kulipita lori la shaba, abiria ndiye anayechungulia na kukuambia pita ao ngoja. Ukimbeba mtu mwoga hamfiki. Ukimbeba Mama mkwe wangu, mnafika mapema mno.

Tena gari hii ina mwanamke ndani. Kila ukiiwasha anasema sentensi moja ya Kijapani, kwa adabu, sauti nyororo. Mtu anayejua lugha ile ameniambia kwamba bibi huyo analalamika kadi haijawekwa, kadi ya kulipia barabara zao kubwa za kule. Nimemwacha alalamike. Fundi anataka pesa kumtoa.

Jana tulitoka Katuba jioni kwenda Kampemba, kwenye ubatizo wa mjukuu. Mama amekaa mbele, kushoto, na katikati ya miguu yake kuna bidoni ya lita 20 ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi kinachochachuka, alioupika mwenyewe. Munkoyo wa Mama si wa watoto. Ulikuwa umekaa juani tangu asubuhi na bidoni ilikuwa imeshavimba mashavu. Nilimwambia, Mama, tufungue kidogo upumue. Akasema tuendeshe gari, munkoyo tumwachie yeye.

Makutano sitayataja, kwa sababu shefu, polisi wa barabarani, bado anasimama pale na mimi bado napita pale. Niseme tu kwamba ni taa ambazo zilikaa zimezimika hadi watu wakazisahau, na wiki hii zimerudi kuwaka bila kumwambia mtu. Nikakuta nyekundu. Nikasimama. Nyuma yangu bisi ikapiga honi ya kuuliza, halafu honi ya kushangaa, halafu ile honi ndefu inayotaja ukoo wako. Ikanizunguka, konvoyeri ananing'inia mlangoni anapiga bati, na abiria wote wakageuza vichwa kuniangalia. (Kichwa kimoja kati ya hivyo nakifahamu. Tutafika.) Ikapita pikipiki yenye godoro. Likapita gari la watu wakubwa na king'ora chake. Akavuka mama mwenye beseni la samaki wa tomsoni kichwani, pole pole, akaniangalia kwa huruma.

"Papa Junior," akasema Mama, "tunangoya nani?"

"Tunangoya taa, Mama."

Akainama akaichungulia kupitia kioo. "Na yenyewe iko inatuona?"

Nyekundu ile ilikuwa ndefu. Mimi nasema ilikuwa imekwama, rafiki yangu anasema mimi ndiye niliyekwama. Nikazima injini, maana bei ya mafuta mnaijua. Nikaweka gia kwenye N, ufunguo nikaurudisha hatua moja tu ili redio iendelee, kwa kuwa walikuwa wanabishana kuhusu Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za mpira, na mtu wa Lupopo alikuwa anaelekea kushinda. Freni nikaikanyaga, nikaachia, nikaikanyaga tena, mguu tu usio na kazi. Ili kumtuliza Mama nikaanza kumsimulia kwamba taa ya kwanza ya barabarani ilisimamishwa London, Desemba 1868, ilikuwa ya gesi, na mwezi uliofuata ikalipuka ikamjeruhi polisi aliyekuwa anaiendesha.

"Na baada ya pale," akauliza Mama, "bantu ba kule balisimama tena?"

Kabla sijajibu, kijana akagonga kioo changu.

Hapa ndugu zangu nendeni taratibu nami, maana hapa odio inadanganya.

Kijana alikuwa mmoja, ana kandambili na tabasamu. "Vyee, motere imekufa?" Nikateremsha kioo nusu. Redio ilikuwa inapiga kelele, mtu wa Lupopo alikuwa amesimama juu ya meza nadhani. Nikamwambia hapana, nangoja taa. Akageuka akawapigia kelele wenzake waliokaa ukingoni: "Anasema taa zake zimekufa! Ni batri!"

Wakanyanyuka. Wema ule sijawahi kuuona Lubumbashi nikiwa na shida ya kweli. Mvua ikininyeshea na tairi limetoboka, hakuna anayenijua. Jana walitoka kila upande: wawili kutoka ukingoni, mmoja aliyekuwa anauza karanga akaziweka juu ya paa langu, juu ya paa langu kabisa, mwanafunzi mwenye mfuko wa vitabu, na papa mmoja mnene aliyevaa suti, ambaye hakusukuma ila aliongoza. Nikasema jamani, hapana. Papa wa suti akanyoosha mkono kuninyamazisha: "Usisikie haya, patro. Kila mutu inamufikaka."

Gari ikatikisika. Nikakanyaga freni.

Sasa mlio na magari mnajua, na wasio na magari wajifunze bure: freni ya gari hizi inasaidiwa na injini. Injini ikizimwa, unabaki na nguvu za mara chache tu, ukishazimaliza kwa kuchezacheza mguu, kanyagio linakaza. Nami nilikuwa nimezimalizia London, mwaka 1868. Nikakanyaga, mguu ukakataliwa. Nikavuta freni ya mkono, ambayo wote mnajua hali yake. Gari ikaanza kwenda mbele pole pole, kwa heshima, kama jeneza la mtu mkubwa, nami ndani yake nimetoa kichwa dirishani napiga kelele: "Ni nyekundu! Acheni! Ni nyekundu!"

"Anasema nini?"

"Anasema tusukume kwa nguvu!"

"Ni otomatiki!" nikalia. "Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa!"

Papa wa suti akatembea kando ya dirisha langu, mikono mgongoni, akanieleza kwa upole: "Otomatiki njo inaombaka bantu mingi." Akaongeza wengine wawili.

Mstari mweupe nikauona unaingia chini ya gari. Taa nyekundu ikanipita juu ya kichwa, nikaiangalia, nayo ikaniangalia. Mwenye karanga anakimbia sambamba na gari ameshika karanga zake juu ya paa asizipoteze. Katikati kabisa ya makutano kulikuwa na shimo. Gurudumu la mbele likaingia, likatoka, bidoni ikaruka, na munkoyo wa Mama mkwe wangu ukaona kwamba saa yake imefika. Kifuniko kiligonga dari. Kilichofuata kilianzia kwenye redio, kikapita kwenye shati langu jeupe la ubatizo, kikamalizia kwenye miwani yangu. Sikuona kitu tena. Nilisikia tu mambo matatu: vijana wanaimba wimbo wa kusukumia, Mama anacheka, na firimbi.

Tuliposimama ng'ambo, nikafuta miwani, nikageuka nyuma. Taa ilikuwa kijani.

Shefu alikuja bila haraka. Kwa kuwa usukani wangu uko kulia, yeye alifika upande wa Mama, kwa hiyo kesi yote ilisikilizwa juu ya mapaja ya Mama mkwe wangu, huku amekumbatia bidoni.

"Papa, umepita nyekundu."

"Shefu, sikupita. Nimepitishwa."

"Gari ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Bon. Gari yako imepita nyekundu."

Nikamweleza kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyesimama pale jioni nzima, kwamba bisi zimepita, pikipiki zimepita, hata godoro limepita. Akatikisa kichwa kukubali yote. Nikamtajia sheria, namba yake, tarehe yake. Akafurahi kweli. "Kama unaijua sheria namna hii, hata amende unaijua. Hatutachelewa." Halafu akanusa. Akaingiza kichwa zaidi, akanusa redio, akanusa Mama, akaninusa mimi. "Na umekunywa."

"Hajakunywa," akasema Mama. "Amekogea."

Nikaamua nionyeshe kwamba gari ni nzima, ili ajue kwamba sikuwa na sababu ya kusukumwa. Nikageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja, safi, haijawahi kuwaka vizuri vile, na yule bibi wa Kijapani akasema sentensi yake. Kimya kikaingia. Vijana waliokuwa wamekaa ukingoni wanapumua, jasho linawatiririka, wakasimama mmoja mmoja.

"Kumbe inawaka!"

"Alikuwa anatufanyisha kazi ya bure!"

Shefu hakuwajali. Alikuwa anaangalia kiti cha nyuma. "Nani anasema mule ndani?"

Na Mama mkwe wangu, aliyenizalia mke wangu, akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali mambo ya dunia: "Ni mwanamuke wake wa mu gari. Siye tulishamuzoeaka."

Yaliyobaki hayana maana. Na shefu tulielewana, sisemi kwa namna gani, ila nilimkumbuka roboti wa Kinshasa kwa uchungu. Vijana nao nikawapa ya jasho, papa wa suti akadai ya ushauri, mwenye karanga akadai karanga zilizoanguka, ambazo niliziona mfukoni mwa mwanafunzi. Tulifika Kampemba keki imeshakatwa. Mtoto yuko salama, alilala wakati wote. Munkoyo uliobaki ulitosha wazee tu, nao wakauliza kwa nini unanikia zaidi kwangu kuliko kwenye vikombe.

Mama ameshawasimulia wote. Toleo lake lina sauti ya Kijapani, na anaiga vizuri kuliko nilivyodhani. Shati nimelifua, dari nimelishindwa.

Mnaoniuliza kwenye inboksi kama posti ya Jumatatu ipo: ipo. Itahusu freni ya mkono.

Na wewe rafiki yangu mwenye odio, unayesema ulishuhudia kila kitu "kutoka ng'ambo ya pili ya barabara". Ulifikaje ng'ambo ya pili, ndugu yangu, kabla ya kijani? Nilikuona. Ulikuwa kiti cha mbele cha ile bisi, dirishani, na konvoyeri alipopiga bati ili mpite nyekundu, mkono uliomsaidia kupiga ulikuwa na saa yako.