Ogada si wa filamu tu

Ahsante mwandishi kwa makala yako ya kumkumbuka Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya, ila kumtaja kama mtu wa wimbo wa filamu ya The Constant Gardener tu ni kumpunja. Wimbo huo, Kothbiro, ulikuwa kwenye albamu yake ya 1993, miaka 12 kabla ya filamu yenyewe kutoka. Na maneno yake ya Kijaluo ni machache mno: mvua inakuja, rudisheni ng'ombe nyumbani. Basi! Mimi si Mjaluo, jirani ndiye aliyenitafsiria, lakini zile nyuzi nane za nyatiti, ala ya Kijaluo anayoipiga, zilikuwa zimeshanieleza. Hapaazi sauti, karibu ananong'ona, kama mzee anayeita watoto huku jicho liko kwenye wingu. Marehemu baba akiusikia redioni alikuwa anaacha chai ipoe, na ole wako uongee.