Watemplari vitani: utii uliowajenga na kuwaangusha

Wanaowasifu Watemplari, shirika la watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba lililoanzishwa Yerusalemu mnamo mwaka 1119 hivi, huanza na nidhamu, na hawakosei. Januari 1148, jeshi la Louis wa Saba wa Ufaransa lilipokatwakatwa na Waturuki mlimani Cadmus, huko Anatolia, mfalme huyo aliwakabidhi Watemplari wachache waliokuwamo kazi ya kuupanga msafara. Kanuni yao ilimkataza mpanda farasi kutoka mstarini bila ruhusa, wala hakuruhusiwa kuukimbia uwanja maadamu bendera yao nyeusi na nyeupe ingali imesimama. Miongoni mwa makabaila waliozoea kushambulia kila mmoja kwa utashi wake, hilo halikuwa jambo dogo.

Wanaowalaumu hutaja mwaka 1187. Tarehe 1 Mei, kwenye chemchemi za Cresson karibu na Nazareti, Mkuu wa shirika, Gerard de Ridefort, aliwaongoza wapanda farasi wapatao 130 kuwavamia maelfu ya askari wa Salahuddin, sultani wa Misri na Shamu, ingawa Mkuu wa Wahospitali, shirika jingine la watawa wapiganaji, na Mtemplari Jacques de Mailly walimsihi warudi nyuma. Hao wawili waliuawa, yeye akaponyoka. Miezi miwili baadaye, baraza la vita lilikwisha kukubaliana kubaki Saforia, penye maji, Gerard alipoingia usiku katika hema la Mfalme Guy wa Yerusalemu na kumgeuza nia. Alfajiri jeshi liliziacha chemchemi likaelekea Tiberia, mji uliozingirwa na Salahuddin, katika jua kali, na tarehe 4 Julai, likiwa limedhoofishwa na kiu, likaangamia Hattin.

Wapo wanaotahadharisha kwamba habari za usiku ule zimetufikia zaidi kupitia kambi ya Raymond wa Tripoli, hasimu wa Gerard. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimsafishi kwa yale ya Cresson. Kwa maoni yangu, kasoro haikuwa kwa askari bali katika muundo: aliyeweka nadhiri ya utii hakuwa na njia ya kumkatalia Mkuu, naye Mkuu, tangu hati ya Papa Innocent wa Pili ya mwaka 1139, aliwajibika kwa Papa peke yake, si kwa mfalme. De Mailly alipinga kwa maneno, kisha akapanda farasi wake.

Salahuddin aliijua thamani ya watu hao. Baada ya Hattin aliwanunua mateka Watemplari na Wahospitali kwa dinari 50 kila mmoja, kisha akaamuru wakatwe vichwa. Gerard aliachwa hai.